Mabaki ya Dawa Mtoni ni Suala la Choo Kabla ya Kuwa Suala la Dozi

Safari ya dawa ya antibiotiki haiishii mwilini mwa mgonjwa aliyeimeza. Dawa za kundi hili, ambazo kazi yake ni kuua bakteria au kuwazuia wasizaliane, hufyonzwa na utumbo, husambazwa na damu, kisha ini na figo huzitoa nje kwa mkojo na kinyesi, sehemu ikiwa imevunjwavunjwa na sehemu ikiwa bado nzima, yenye nguvu ileile iliyokuwa nayo ndani ya kidonge. Amoksilini, ambayo pengine hakuna kaya ya Afrika Mashariki isiyoijua, hutoka kwenye mkojo bila kubadilika kwa kiasi kinachozidi nusu ya dozi. Sulfamethoksazoli, mojawapo ya dawa mbili zinazounda Septrin, hutoka kwa wingi ikiwa imefungamanishwa na kiambata cha kemikali, na kiambata hicho huvunjwa baadaye na bakteria waliomo kwenye majitaka, dawa ikarejea katika umbo lake la awali nje ya mwili wa aliyeitumia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, waliokokotoa mwendo wa antibiotiki 40 zinazotumiwa zaidi na binadamu na kuchapisha matokeo yao mwaka 2025, walikadiria kuwa takribani tani 8,500 kila mwaka, yaani zaidi kidogo ya robo ya dawa zote hizo zinazomezwa, huishia mitoni hata baada ya kutoa kile kinachopunguzwa na mitambo ya kusafisha majitaka. Hesabu hiyo haikugusa dawa wanazopewa kuku, nguruwe na ng'ombe, wala maji yanayotoka viwandani dawa zinakotengenezwa.

Kiasi kinachopatikana katika lita moja ya maji ya mto ni kidogo mno kuweza kumtibu au kumdhuru mtu anayeyanywa, na kwa miaka mingi udogo huo ndio uliowafanya wataalamu wengi wasiangalie upande huo. Mikrogramu, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na nanogramu, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya mikrogramu, ni vipimo ambavyo havikuwa na maana kwa daktari, kwa kuwa dawa isiyofikia kiwango cha kuua bakteria ilidhaniwa kuwa haina athari yoyote kwao. Dhana hiyo iliangushwa mwaka 2011, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi walipowakuza pamoja bakteria sugu na bakteria wa kawaida katika maji yenye chembe za siprofloksasini, wakaona kwamba bakteria sugu huanza kuwashinda wenzao hata dawa inapokuwa chini ya kiwango cha kuua kwa zaidi ya mara 200. Kwa maneno mengine, dawa isiyoweza kumuua bakteria yeyote huweza bado kuamua ni nani atakayezaa zaidi. Kutokana na kazi ya namna hiyo ndipo watafiti wengine wa Uswidi, Johan Bengtsson-Palme na Joakim Larsson, walipopendekeza mwaka 2016 viwango vya usalama kwa antibiotiki 111, na kwa siprofloksasini kiwango hicho kilikuwa nanogramu 64 tu kwa lita moja ya maji.

Usugu wenyewe, yaani uwezo wa bakteria kuendelea kuishi mbele ya dawa iliyokusudiwa kumwangamiza, hubebwa na jeni, na jeni nyingi za aina hii hukaa kwenye plazimidi, ambazo ni vipete vidogo vya DNA vinavyoweza kupita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata kama wawili hao si wa jamii moja. Bakteria wa udongoni asiyeugusa kamwe mwili wa binadamu anaweza kwa njia hiyo kumkabidhi silaha bakteria wa utumboni, na majitaka yenye joto, yenye chakula tele na yenye mabilioni ya bakteria wa kila asili ni mahali panapofaa sana kwa makabidhiano hayo. Gharama yake kwa wanadamu si ya kukisiwa tena: utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kuwa usugu wa bakteria ulikuwa sababu ya moja kwa moja ya vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na kwamba eneo lililoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu lilikuwa Afrika Magharibi iliyo kusini mwa Sahara. Mto una mchango gani hasa katika vifo hivyo ni swali gumu zaidi, na hapo ndipo mijadala mingi ya magazeti hupotea njia, kwa sababu huweka katika fungu moja mito ambayo kwa hakika inaugua magonjwa mawili tofauti.

Mfano wa ugonjwa wa kwanza uko Patancheru, nje kidogo ya jiji la Hyderabad nchini India, ambako viwanda takribani 90 vya kutengeneza malighafi za dawa vilikuwa vikipeleka majitaka yao katika mtambo mmoja wa pamoja. Larsson na wenzake walipopima maji yaliyokuwa yakitoka kwenye mtambo huo, yaani maji yaliyokwisha kusafishwa na kuruhusiwa kuingia kwenye vijito, walikuta siprofloksasini hadi miligramu 31 kwa lita, kiwango kinachozidi kile kinachopatikana kwenye damu ya mgonjwa aliye katikati ya matibabu. Katika makala yao ya mwaka 2007 walikadiria kuwa dawa hiyo iliyomwagwa kwa siku moja ilifikia kilo 45 hivi, sawa na kiasi ambacho Uswidi nzima ilitumia kwa siku tano. Vipimo vilivyofuata vilikuta dawa hiyo katika maziwa ya karibu na hata kwenye visima vya vijijini, na katika tope la mto chini ya mtambo kulikutwa jeni za usugu kwa wingi usio wa kawaida pamoja na plazimidi za kuzisafirishia. Tofauti kati ya miligramu 31 na nanogramu 64 ni karibu mara laki tano. Mbele ya tofauti ya ukubwa huo hakuna haja ya kubishana juu ya namna kiwango cha usalama kilivyokokotolewa, maana hata kingekosewa mara mia moja, hukumu isingebadilika.

Ugonjwa wa Patancheru una chanzo kinachojulikana kwa anwani na dawa inayojulikana kwa sheria, na kwa hiyo kinachokosekana ni nia. Serikali ya India ilichapisha mwezi Januari 2020 rasimu ya kanuni ambayo ingeweka kikomo cha mabaki ya antibiotiki katika majitaka ya viwanda vya dawa. Kanuni za mwisho zilipotoka mwaka uliofuata, vikomo hivyo vilikuwa vimeondolewa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu majitaka ya viwanda vya antibiotiki mwezi Septemba 2024, lakini mwongozo si sheria, na kiwanda kinachouza kwa bei ya chini kabisa hakina sababu ya kibiashara ya kuufuata isipokuwa mnunuzi adai hivyo. Mnunuzi huyo, kwa sehemu isiyo ndogo, yuko Afrika Mashariki: Bohari ya Dawa ya Tanzania na KEMSA, mamlaka ya ugavi wa dawa ya Kenya, hununua kwa zabuni dawa nyingi zinazotoka India, na zabuni hizo hupima bei, ubora wa kidonge na muda wa kufikishwa mzigo. Norwei ilianza mwaka 2019 kutoa alama kwa utunzaji wa mazingira katika zabuni za antibiotiki za hospitali zake. Nchi zenye bajeti nyembamba haziwezi kuiga kila kitu, ila sharti la kumtaka muuzaji aeleze majitaka ya kiwanda chake yanaishia wapi ni karatasi tu, na zabuni ya pamoja ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ingekuwa na uzito ambao nchi moja moja haina.

Mto Nairobi unaugua kitu kingine. Watafiti kadhaa, wakiwamo Kenneth K'oreje na Elijah Ngumba, wamepima maji ya mto huo na vijito vyake kuanzia mwanzoni mwa muongo wa 2010, wakakuta sulfamethoksazoli katika baadhi ya sehemu kwa viwango vinavyozidi mikrogramu 10 kwa lita, na wakaikuta ikiandamana na trimethoprimu pamoja na lamivudini, zidovudini na nevirapini, ambazo si antibiotiki bali ni ARV, yaani dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Orodha hiyo haifanani na ya mito ya Ulaya. Inasomeka kama jedwali la dawa la kliniki ya VVU, na ndivyo ilivyo hasa, kwa sababu sulfamethoksazoli na trimethoprimu zikiunganishwa ndizo Septrin, ambayo kwa miaka mingi imetolewa kila siku kwa watu wanaoishi na VVU kama dawa ya kinga dhidi ya nimonia na maambukizi mengine. Jaribio lililofanywa Zambia na kuchapishwa mwaka 2004 lilionyesha kuwa kinga hiyo ilipunguza vifo vya watoto wenye VVU kwa asilimia 43, na miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa upana.

Maana ya jambo hili haijapewa uzito unaostahili katika mjadala wa hadhara wa Afrika Mashariki, ambao kwa kawaida humtafuta mkosaji katika mtu anayenunua vidonge vinne vya amoksilini dukani bila cheti cha daktari, au katika muuza dawa anayemuuzia, au katika mgonjwa anayeacha dozi siku ya tatu kwa kuwa homa imeshuka. Makosa hayo yapo na yanastahili kusemwa. Lakini dawa iliyoongoza katika mto wa Nairobi imefika huko kwa sehemu kubwa kupitia watu waliofanya kila walichoambiwa: walipima, wakajiandikisha kliniki, wakameza kidonge kila siku bila kukosa, wakaishi. Hakuna kampeni ya redio ya kumaliza dozi inayoweza kupunguza hata nanogramu moja ya dawa hiyo mtoni, na yeyote atakayependekeza kwamba watu hao wapunguziwe kinga ili mto upumue atakuwa amepotoka kimaadili na kitabibu. Mkojo wao ungekuwa umeingia kwenye bomba, bomba likaingia kwenye mabwawa, na mabwawa yakafanya kazi yake, kusingekuwa na habari kubwa ya kuandika.

Hoja hii haisimami juu ya Nairobi peke yake. Mwaka 2018 Peter Collignon na wenzake walilinganisha takwimu za nchi 103 wakakuta kwamba wingi wa matumizi ya antibiotiki haukueleza vema tofauti za usugu kati ya nchi na nchi, ilhali ubora wa miundombinu na wa utawala ulizieleza. Mwaka uliofuata timu ya kimataifa iliyosoma jeni zilizomo katika majitaka ya miji ya nchi 60 ilifikia hitimisho linalokaribiana na hilo, kwamba wingi wa jeni za usugu hufuatana na hali ya usafi, afya na uchumi wa mahali kuliko unavyofuatana na mauzo ya dawa. Utafiti wenye makali zaidi kwa mjadala wa mito ni ule wa Antti Karkman na wenzake, uliochapishwa mwaka huohuo wa 2019, ambao ulitumia kirusi kiitwacho crAssphage, kinachoishi ndani ya bakteria wa utumbo wa binadamu na ambacho kukutwa kwake majini ni ushahidi kwamba kinyesi cha watu kimefika hapo. Swali lao lilikuwa rahisi: je, mahali penye jeni nyingi za usugu pana jeni hizo kwa sababu mabaki ya dawa yamewakuza bakteria sugu palepale, au kwa sababu kinyesi kimewaleta wakiwa tayari sugu? Katika maeneo mengi waliyoyachunguza jibu lilikuwa kinyesi, kwa kuwa jeni na kirusi hicho vilipanda na kushuka pamoja. Pale ambapo jeni zilikuwa nyingi kuliko kinyesi kinavyoweza kueleza palikuwa ni kwenye matope yaliyochafuliwa kwa viwango vikubwa mno na viwanda vya dawa, na hiyo ndiyo hali ya Patancheru.

Kwa hiyo mabaki ya dawa katika mto unaopita mjini yana sura mbili, na inafaa zisichanganywe. Yanaweza kuwa kichocheo cha usugu, hasa katika utando mnato wa bakteria unaoganda kwenye mawe na mabomba, ambako chembe za dawa hujikusanya. Lakini katika miji ya Afrika Mashariki yana kazi kubwa zaidi kama kielelezo: dawa iliyomo mtoni haikuja peke yake, imekuja na mkojo na kinyesi kilichobeba bakteria walewale waliokwisha kuonja dawa hiyo ndani ya utumbo. Anayepima sulfamethoksazoli katika kijito cha Mathare jijini Nairobi anapima, bila kukusudia, idadi ya vyoo vinavyomwagika humo.

Ushahidi wa bakteria wenyewe unapatikana karibu. Mwaka 2016 watafiti wa Mwanza walichapisha matokeo ya kuchunguza mazingira ya ufukwe wa Ziwa Victoria pamoja na matumbo ya samaki, wakakuta bakteria wenye vimeng'enya vinavyovunja penisilini na dawa nyingi za kundi la sefalosporini, ambazo ndizo sindano zinazotegemewa wodini wakati maambukizi yamekuwa makali. Jeni iliyotawala kwa bakteria hao, iitwayo CTX-M-15, ndiyo iliyokwisha kuonekana kwa wagonjwa waliolazwa katika hospitali ya jiji hilohilo. Samaki hakuandikiwa dawa na daktari yeyote. Alichofanya ni kuishi katika maji yanayopokea kile ambacho mji haujakipatia mahali pengine pa kwenda.

Namna mji unavyoshindwa kukipatia mahali inastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu ndimo tatizo lilimo. Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam hawajaunganishwa na bomba la majitaka. Hutumia vyoo vya shimo au mashimo ya maji machafu, ambayo yakijaa huitiwa gari la kunyonya, na gari hilo halifiki katika vichochoro vya Vingunguti au Manzese vyenye upana wa mikono miwili. Maji ya chini ya ardhi katika maeneo mengi ya jiji yako juu, kiasi kwamba shimo lililochimbwa kwa kina cha kawaida huwa tayari linazungumza na kisima cha jirani. Na mvua kubwa inaponyesha hufuata desturi ambayo kila mkazi wa mabondeni anaijua kwa jina la kutapisha vyoo, yaani kulitoboa shimo lililojaa ili mafuriko yachukue kilichomo. Anayetapisha choo huonekana mkorofi, na sheria ndogo za manispaa humtoza faini akikamatwa, ingawa kwa hesabu ya mwenye nyumba ya vyumba sita na wapangaji wanaolipa kwa kuchelewa, mafuriko hufanya bure kazi ambayo gari la kunyonya lingeifanya kwa fedha asizonazo. Kilichomo kwenye shimo hilo, pamoja na amoksilini, sipro na flajili za mwaka mzima na bakteria waliozizoea, huingia Mto Msimbazi, hupita kando ya matuta ya mchicha unaouzwa jioni hiyohiyo, na kufika baharini karibu na Daraja la Salenda.

Nairobi ina mfumo mkubwa zaidi wa mabomba, na mabwawa ya majitaka ya Dandora, yaliyoko Ruai, ni miongoni mwa makubwa ya aina yake barani. Mabwawa ya namna hii hayana mashine nyingi: maji hukaa humo kwa siku nyingi, mwani huzalisha oksijeni, tope hushuka chini, na jua la ikweta huua bakteria wa tumboni na hata kuvunja baadhi ya dawa, siprofloksasini ikiwa mojawapo ya zile zinazoharibiwa kwa urahisi na mwanga. Si teknolojia ya kuonewa haya. Nevirapini na trimethoprimu ni ngumu zaidi na huweza kupita, lakini bakteria waliopungua kwa maelfu ya mara ni faida kubwa hata pale dawa zinapobaki. Shida ya Nairobi ni kwamba maji mengi hayafiki Ruai. Mabomba makuu hupasuka au huzibwa kwa makusudi na wakulima wa pembezoni wanaotaka maji yenye mbolea kwa ajili ya sukuma wiki. Mitaa ya mabanda ya Mathare, Mukuru na Korogocho imejengwa juu kabisa ya vijito. Na nyumba nyingi za ghorofa za kupangisha zina mabomba yanayoelekea moja kwa moja mtoni, jambo ambalo mmiliki analijua na fundi wake analijua. Mto Nairobi huungana na Athi, Athi hubadilika jina kuwa Galana na kisha Sabaki, na maji hayo huingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi, baada ya kunyweshwa mifugo na kumwagiliwa mboga katika kaunti kadhaa.

Vyombo vya udhibiti havina macho ya kuona jambo hili. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 na za Tanzania za mwaka 2007 zilijengwa juu ya vipimo vya kale na vyenye manufaa, kama vile kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu huhitaji ili kumaliza uchafu uliomo, ambacho kwa maji yanayomwagwa hakitakiwi kuzidi miligramu 30 kwa lita, lakini antibiotiki hazimo. Wapo wanaotaka zitiwe mara moja, na katika kiwanda au hospitali kubwa yenye bomba lake yenyewe dai hilo ni la haki, kwa kuwa kuna mtu wa kuwajibishwa na mahali pa kuchukulia sampuli. Kwa mto wa mjini, hata hivyo, kikomo cha nanogramu kitakuwa pambo. Mashine ya kupima viwango hivyo ni ghali na huhitaji wataalamu ambao maabara nyingi za mikoa na kaunti hazina, na ikishapima haitamshtaki mtu yeyote, maana mkosaji ni mamilioni ya vyoo. Bakteria wa kinyesi hupimwa kwa gharama ndogo katika maabara ya wilaya. Kuwapima mara kwa mara, pamoja na kuhesabu ni wangapi kati yao wanaostahimili sefalosporini, kungetoa taarifa yenye manufaa zaidi kwa fedha ileile.

Ulaya imechagua njia nyingine, na ni vema ieleweke ni njia ya nani. Uswisi ilibadili sheria yake kuanzia mwaka 2016 ili mitambo yake takribani mia moja iongezewe hatua ya ozoni au ya mkaa maalumu unaonasa kemikali, na Umoja wa Ulaya, kwa agizo lililoanza kutumika Januari 2025, umezitaka nchi wanachama zifanye hivyo katika mitambo mikubwa na kuzilazimisha kampuni za dawa na vipodozi kulipa angalau asilimia 80 ya gharama za nyongeza, jambo ambalo kampuni hizo zimelipinga mahakamani. Kanuni ya kwamba anayepata faida kutokana na dawa achangie kuisafisha ni njema na inaweza kuvuka bahari. Ozoni yenyewe haivuki kirahisi. Hatua hiyo ni ya nne katika mtambo ambao hatua zake tatu za mwanzo zinafanya kazi, umeme haukatiki, na karibu kila choo cha mji kinaufikia. Kuipeleka mahali ambapo nusu ya majitaka hayafiki kwenye mtambo ni kusafisha kwa ustadi mkubwa nusu ile ambayo tayari ilikuwa na nafuu.

Anayetetea choo kama tiba ya usugu ana deni la kueleza matokeo yasiyopendeza kutoka Kenya yenyewe. Jaribio kubwa lililofanywa katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, liliboresha vyoo vya kaya, likahimiza kunawa mikono na kutia klorini maji ya kunywa, na halikupunguza kuhara kwa watoto. Wengine wamelitumia kudai kwamba fedha za usafi hupotea. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kumboreshea mtu choo huku majirani zake, kuku wake, na kijito anachochota maji vikibaki vilivyo huacha njia nyingi mno za kinyesi kurudi mdomoni. Miji iliyoshinda kipindupindu katika karne ya kumi na tisa haikugawa vyoo bora kimoja kimoja, bali ilijenga mfereji uliochukua uchafu wa mtaa mzima, wa tajiri na wa maskini, kwa pamoja. Hilo ni somo kuhusu kiwango cha uwekezaji. Pia ni onyo kwamba faida haitaonekana katika muhula mmoja wa uchaguzi, na wizara ya afya inayoomba fedha za mabomba itaulizwa kwa nini haiombi fedha za dawa.

Nairobi imewahi kujaribu. John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia mwaka 2008, alisimamia usafishaji wa mto ulioondoa takataka na kurudisha miti kwenye kingo za katikati ya jiji, na kwa muda watu waliweza kukaa hapo bila kuziba pua. Mandhari ilibadilika, ila mabomba ya majitaka ya juu ya mto yaliendelea kumwaga kama kawaida, na uchafu usioonekana kwa macho haukuhama. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilizindua mpango mpya wa kuuhuisha mto huohuo, safari hii mabomba makuu ya majitaka yakiwa sehemu yake, na huko Dar es Salaam mradi wa bonde la Msimbazi unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia unaendelea, ukiwa umebuniwa zaidi kwa ajili ya mafuriko. Ripoti za miradi ya aina hii hupenda kuhesabu kilomita za bomba lililolazwa. Bomba kuu hupita mbele ya nyumba, lakini kipande cha kuunganisha choo cha ndani na bomba hilo huachiwa mwenye nyumba, ambaye hulipishwa ada ya maunganisho pamoja na fundi, vifaa na kibali, na ambaye haishi hapo wala hanywi maji ya kisima cha hapo. Maadamu gharama hiyo haijabebwa na mradi wenyewe, au kugawanywa katika bili ya maji ya miaka kadhaa, au kugeuzwa sharti la kupangisha nyumba, kilomita hizo zitapita kando ya vyoo bila kuvigusa, na kipimo cha kwanza ambacho wabunge wa Nairobi na madiwani wa Ilala wanapaswa kukidai katika kila taarifa ya robo mwaka ni idadi ya viwanja vilivyounganishwa.